Gia za Mkunga wa Kator

Kwako Shangazi Ketty, salamu nyingi kutoka Kator. Nakusikia kila Alhamisi redioni ukiwajibu watu, na mimi leo naomba unisikilize, maana majirani nikiwaeleza watacheka, kwamba katika mji huu ambao watu wanalala wakisikiliza bunduki kuna mwanamke anayekosa usingizi kwa ajili ya meno ya baiskeli.

Mimi naitwa Keji, ni mkunga, kazi hiyo niliisomea Arua tulipokuwa wakimbizi, na huko huko nilishinda mbio za baiskeli za wanawake nikazawadiwa baiskeli ya milimani yenye gia nane nyuma, nikarudi nayo nyumbani juu ya lori huku wenzangu wakisema afadhali ningeleta mabati, lakini tangu vita vianze na petroli iadimike ni hiyo inayonivusha daraja la mto, nikipita mtaa wa Sherikat mpaka kijiji cha Rejaf kwa akina mama wasioweza kufika hospitali, na nasema bila haya, kuna watoto wanaotembea kule leo kwa sababu mimi niliwahi kufika.

Sasa zile gia za nyuma, lile fungu la meno ambalo mafundi huliita kaseti, zimelika. Nikikanyaga kwa nguvu mlimani mnyororo unaruka. Juzi juzi nilikuwa nakimbilia kwa Teresina wa Rejaf, uchungu umemshika tangu alfajiri, mnyororo ukaruka kwenye mwinuko wa mawe, nikaanguka na mkoba wangu, goti likachanika, nikasukuma baiskeli kwa miguu njia yote iliyobaki, nikakuta kichwa cha mtoto kimeshatokeza na kitovu kimemzunguka shingoni. Nilikifungua, akalia. Ni wakati wa kurudi ndipo nilipoanza kufikiri ingekuwaje kama ningechelewa kidogo tu.

Nilimsimulia mume wangu Loku, anayeuza chumvi na sabuni Sherikat. Naye alimwagiza rafiki yake Saturnino, dereva wa lori la barabara ya Nimule iendayo Kampala, na unajua barabara hiyo ilivyo siku hizi, magari yanachomwa, wanaoondoka si wote wanaorudi. Saturnino alirudi salama na kaseti kutoka Kampala, ya alumini, nyepesi kama chapati, inang'aa, na Jumapili baada ya misa Loku aliitoa mbele ya kanisa akaipitisha mikononi mwa watu akisema, "Bibi yangu iko na kazi kubwa. Hii ni yake." Shangazi, sijawahi kutembea kichwa juu kama siku ile.

Shida ni kwamba ina gia kumi. Fundi Kenyi wa Sherikat aliijaribu, akasema gurudumuni inaingia, lakini haitaelewana na baiskeli yangu mpaka nipate mnyororo mwembamba zaidi, kibadilishia gia kingine cha mkononi, na ule mkono wa nyuma unaosogeza mnyororo. Yeye anayo kaseti ya chuma, mpya, gia nane, nzito kidogo, haina mng'ao wowote, na yuko tayari tubadilishane. Nilimwambia Loku kuhusu vifaa vinavyokosekana, ile ya chuma sikuthubutu kuitaja, naye akasema basi wiki ijayo atapanda lori mwenyewe akavitafute, Saturnino ana watoto wadogo, hatamsumbua tena kupekua maduka. Nikinyamaza namtuma mume wangu kwenye barabara ile. Nikisema namwaibisha mbele ya Kator nzima. Na kusema kweli ile nyepesi nami naitaka, kwa kuwa sijawahi kutafutiwa kitu kizuri namna hiyo. Nifanye nini?

Keji, Kator

Keji binti yangu,

Kwanza pokea heshima yangu. Nchi hii inasimama kwa watu kama wewe, na mume anayemsifu mkewe mlangoni pa kanisa ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Sasa nikukemee. Umeweza kufungua kitovu shingoni mwa mtoto, ukashindwa kumwambia mumeo sentensi moja? Loku hajui kwamba kaseti inayokufaa iko hatua chache kutoka dukani kwake. Anajiandaa kuhatarisha roho kwa jambo ulilomficha. Hiyo si heshima, mama. Mpe ukweli wote, ndipo aamue.

Na usidanganyike na wepesi. Nimewauliza wanaoendesha baiskeli za namna yako. Tofauti ya uzito wa kaseti hizo mbili haizidi kipande kidogo cha sabuni, na mkoba wako ni mzito mara nyingi zaidi. Mlima unapandwa kwa ukubwa wa ile gia iliyo karibu na spoki. Meno yake yasiwe machache kuliko ya ile ya zamani, wala yasizidi yanayoweza kufikiwa na ule mkono wa nyuma unaosogeza mnyororo. Tena alumini huliwa upesi na mchanga, chuma kitakuvumilia. Mnyororo ubadilishe siku hiyo hiyo, kwa maana mnyororo mkuukuu huharibu meno mapya.

Kwa Loku usiongee mbele ya fundi wala mbele ya ndugu zake. Ongea mkila, wawili tu. Mwambie ile ya Kampala uliipenda, na useme kwa nini. Kisha mwambie unamtaka yeye nyumbani kuliko gia yoyote.

Wasikilizaji, jibu hili sikulingojesha Alhamisi, maana lori halimngoji mtu. Nilimpa Yangi, fundi mitambo wetu anayekaa Kator, ampelekee Keji. Jana habari zilinifikia. Loku alisikiliza, akamaliza kula, akauliza swali moja tu, kama ile ya chuma itafika Rejaf. Akajibiwa kwamba itafika. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Kenyi, wakabadilishana, Kenyi akaongeza na mnyororo, na Loku ndiye aliyeshika gurudumu wakati likikazwa. Mteja mmoja akamuuliza ile ya kung'aa imekwenda wapi.

"Ile ilikuwa ya kuonyesha," akasema. "Hii ni ya kazi."

Lori la Nimule liliondoka, yeye akabaki akiuza chumvi. Na Keji ameupanda mwinuko wa Rejaf bila kushuka, akina mama waliokuwa wakichota maji wakatua madumu chini wakampigia vigelegele. Mimi niko hapa studio, na nimejivuna kana kwamba miguu ilikuwa yangu.