Kinyozi wa Mteremko

Kisiwa cha Møn,
6 Juni

Kwa mdogo wangu Mogens,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Jutland, na goti lako limepona. Sisi hatujambo. Shemeji yako Kirsten leo amepika viazi vipya. Kozi ameangua makinda matatu kwenye jabali la chaki, na vipozamataza wanaimba tangu alfajiri.

Okidi, yale maua adimu ya mteremkoni, hazikuchanua mwaka huu.

Miaka mitano iliyopita niliiandikia halmashauri kwamba kondoo wako wanazimaliza okidi, nayo ikawaondoa mteremkoni. Ulisema kwenye mkutano wa kijiji, "Kaka, kondoo ndiye kinyozi wa mteremko huu. Mfukuze kinyozi, uone ndevu." Watu wakacheka. Nikakujibu kwamba aliyeacha shule asinifundishe maua. Hapo hakucheka mtu, nawe ukauza kundi lako ukahama.

Ndevu nimeziona. Nyasi zinanifika kiunoni, zimezisonga okidi, na vipepeo wa buluu sijaona hata mmoja. Wiki nzima nimepiga magoti nikikata nyasi kwa mkasi wa kushonea wa shemeji yako. Jana nilipata okidi moja, nyembamba, ya zambarau. Sikumwita mtu aione. Niliona haya.

Wewe ulisema kweli, nami nilikudhalilisha mbele ya watu. Jumapili nitayasema haya mkutanoni, mbele ya watu walewale. Halmashauri imekubali kondoo warudi, na lango la mteremko nimelifungua kwa mkono wangu. Njoo, hata kama ni na kondoo wawili tu.

Kaka yako,
Asger