Niliona Aibu Kuchungulia Uvungu wa Gari la Mwalimu

Mpendwa Bi. Shinohe wa gazeti letu, nisaidie kabla sijakosea mara ya pili, maana mara ya kwanza nimekwisha kosea na sioni namna ya kuirudisha.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kliniki ya figo, mume wangu Tsuneo yuko ndani kwenye mashine ya kusafisha damu, anakaa humo muda wa saa nne kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kutoka kijijini kwetu mpaka hapa ni kilomita hamsini na nane kupitia mlimani, na wewe ni mtu wa huku huku Hokkaido, sina haja ya kukueleza mlima huo unavyokuwa kuanzia Novemba. Gari letu la zamani lilikufa wakati wa kiangazi, tukaanza kutafuta lililotumika, liwe fo-wili kwa sababu bila magurudumu yote manne kuvuta hata uani kwetu hutoki, na kila mtu huku anajua kwamba gari lililotumika usipochungulia uvungu wake hujanunua gari, umenunua rangi, kwa sababu chumvi ya barabarani inakula kutoka chini.

Basi mimi najua hayo yote na bado nimefanya nilichofanya.

Kijijini kwetu tuna nyumba kumi na saba na mwalimu mkuu mstaafu mmoja, Mwalimu Hatakeyama, ana miaka themanini na sita, amemfundisha Tsuneo kusoma na amewafundisha wote wenye mvi hapa, na Septemba alirudisha leseni yake polisi mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Gari lake ni fo-wili la kijani la miaka kumi na tisa, analiosha kila Jumapili. Akaja nyumbani akasema, “Kisae, mumeo anahitaji gari, na mimi sitaki dalali aliguse langu,” akataja bei ambayo ni kama ya magunia machache ya viazi, ikabidi niiname mpaka paji la uso liguse mkeka. Siku ya kulichukua nilikwenda na tochi mfukoni mwa koti, nakwambia kweli. Nikamkuta amelipangusa mpaka linang'aa, amenishikia daftari alimoandika kila mara alipobadilisha oili tangu siku ya kwanza, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni.

“Utapenda kuangalia chini?” akaniuliza.

“Aa, Mwalimu! Niangalie nini tena?”

“Watu huangalia.”

“Hao wananunua kwa watu wasiowajua.”

Akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Tochi ikabaki mfukoni.

Mwishoni mwa Oktoba nikalipeleka kwa fundi Todoroki akanibadilishie tairi za theluji. Akalinyanyua, akaniita. “Mama Kisae, njoo chini hapa. Hii ni nini?” Nikasema ni chuma. Akachukua bisibisi akaichomeka kwenye chasisi, ikaingia mpaka mpini. “Mimi naona mkate,” akasema. Nikamwuliza kama anaweza kuchomelea. “Nichomelee wapi? Mkate hauchomelewi. Karatasi ya ukaguzi inaisha Machi, kwa hiyo kwa serikali hili ni gari. Kwangu mimi ni uzio wenye usukani.” Akataka kuniazima gari lake la dharura, nikakataa, kwa sababu likionekana uani kwetu Mwalimu ataliona, na atauliza, na nitajibu nini?

Maana anapita kila asubuhi, Bi. Shinohe. Siku za kliniki anasimama kwenye njia panda na koleo lake la theluji tukiondoka, na tukirudi tunamkuta palepale, na theluji yote ya hapo alishaiondoa zamani. Anatuletea figili na samaki aliowavundika mwenyewe. Anauliza, “Halijambo?” Anaulizia gari. Nami namjibu, “Halijambo kabisa, Mwalimu, linapanda kama mbuzi.” Wifi yangu Michiyo ananifokea kwenye simu: “Nunua lingine! Kwani umefunga ndoa na babu huyo?” Yeye anakaa Sapporo, ana majirani mia tatu na hamjui hata mmoja, ataelewa nini.

Siku hizi ndani kunanuka moshi. Tsuneo anafungua dirisha, nje ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, anajifunika blanketi na kusema, “Nikifa kwa baridi, waambie figo hazikuhusika.” Anafanya mzaha, halafu analala njia nzima, zamani hakuwa akilala, nadhani mashine inamchosha. Nilipomwambia tumweleze Mwalimu alinishika mkono: “Usimwambie. Hana kitu kingine anachojivunia.” Na Jumatano ya wiki jana, kwenye kona ya juu, kitu nyuma kilikatika, gari likaenda ubavu likajichomeka kwenye ukuta wa theluji, tukakaa dakika arobaini mpaka katapila la kusafisha barabara likapita. Dereva alituvuta, akalitazama gari, akanitazama mimi. “Mama, nani amekuuzia hiki?” Nikasema nimenunua mbali, kwa mtu nisiyemjua. Tsuneo aliniangalia nikisema hivyo. Todoroki amelifunga kwa kipande cha bomba na kusema halifiki Februari.

Sasa swali langu. Nimepata kwenye simu gari la aina ileile, kijani kilekile, liko Kagoshima, kusini kabisa ambako hakuna chumvi barabarani. Tangazo linasema: halina kutu hata doa, mmiliki mmoja, kiyoyozi kikali, linavuta mbele. Nilimpigia muuzaji nikamwuliza habari ya baridi, akacheka, akasema huku mama hakuna anayeuliza hilo. Nimewaza nilinunue lije kwa meli, usiku mmoja tubadilishe mabamba ya namba, daftari la Mwalimu niliweke palepale kwenye kisanduku cha dashibodi, na yeye asijue kitu mpaka anaingia kaburini. Je, nichague hilo, au kuna lingine linalofanana nalo zaidi? Nimechoka. Kila Jumapili jioni natamani Jumatatu isifike, na isipofika mume wangu atakufa. Naomba unijibu upesi.

Kisae (si jina langu), nyumba kumi na saba


JIBU LA BI. SHINOHE

Bi. Kisae, pole. Hiyo ndiyo pole pekee utakayoipata leo, kwa sababu muda hatuna.

Nianze na usingizi wa Tsuneo. Gari lililooza chini na kunuka moshi ndani linawapulizia wote wawili sumu. Ule moshi unaounusa ndio wenye huruma, unakuonya. Ulio hatari hauna harufu kabisa, unamlaza mtu taratibu. Mumeo halazwi na mashine ya kliniki. Na siku utakayosinzia wewe uliyeshika usukani, kijiji chenu kitabaki na nyumba kumi na sita. Gari hilo usiliwashe tena, hata kulisogeza.

Sasa hilo la Kagoshima. Kulibandika namba za gari lingine ni kosa la jinai, na nataka nikuone ukimweleza polisi kwamba ulifanya kwa ajili ya adabu. Halafu umeliandika mwenyewe kwa mkono wako na hukulisoma: “linavuta mbele.” Mbele, mama! Magurudumu mawili! Umelitafuta gari la kijani mpaka ukasahau kwamba ulikuwa unatafuta la kupanda mlima. Kutu halina, sawa, lakini limeandaliwa kwa watu wa joto: betri ndogo, kioo cha nyuma kisichopashwa moto, na maji ya rejeta ambayo kwenu yatakuwa jiwe usiku wa kwanza.

Tafuta gari dogo, jembamba, jepesi, linalovuta yote manne, lililoandaliwa kwa nchi ya baridi tangu kiwandani. Jitu kubwa linapanda vizuri na linateleza vizuri zaidi. Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka, kusimama ni kazi ya tairi. Kwa hiyo bonyeza tairi kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama kisigino, ikatae hata kama ina meno. Inua zulia la sakafuni, toa tairi la akiba utazame shimo linamokaa, fuata mabomba ya breki kwa macho mpaka mwisho. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu inaficha kitu. Washa hita, kisha ukae wewe kiti cha nyuma robo saa, pale atakapokaa mgonjwa.

Nakuja kwa Mwalimu. Soma tena barua yako. Alikuuliza kama utapenda kuangalia chini. Ukakataa. Akakwambia watu huangalia. Ukakataa tena. Mtu mwenye uhakika na gari lake haombi mara mbili likaguliwe, Bi. Kisae. Mzee alikuwa na wasiwasi asioweza kuutamka mbele ya mwanamke aliyemwinamia mpaka mkekani, akakufungulia mlango, nawe ukaufunga kwa heshima zote. Sasa anasimama njia panda na koleo asilolitumia. Unadhani anaangalia gari? Anaangalia kama mmerudi. Mnateswa watatu, kila mmoja anamlinda mwenzake, na anayelindwa kuliko wote ni kutu.

Sitakudanganya kwamba gari zuri litayamaliza. Figo za Tsuneo hazirudi, na siku watakapoteremsha kizuizi cha barabara kwa tufani, hakuna gari duniani litakalopita. Uliza kliniki leo kuhusu chumba cha kukaa mjini Januari na Februari. Utalia ukiacha nyumba. Lia, kisha ufunge mizigo.

Na jambo la mwisho. Ungeweza kuniandikia ukaniomba nisichapishe. Wako wanaofanya hivyo. Wewe umeandika kwa gazeti ambalo mwalimu mkuu mstaafu yeyote hulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Nimebadilisha majina na rangi ya gari. Mengine nimeyaacha, kwa makusudi, kwa sababu naona ulikuwa umechoka kunyamaza na hukujua pa kuanzia. Gazeti hili linatoka Jumamosi. Kufikia saa mbili asubuhi atakuwa amekwisha kusoma, na kufikia saa tatu atakuwa amesimama njia panda bila koleo.

Usimngojeshe kwenye baridi. Mkaribishe ndani, na usianze kumwomba radhi wala kukubali akuombe. Mkianza hivyo hamtamaliza mpaka theluji iyeyuke. Mwambie kesho unakwenda mjini kutazama magari na unataka mwende wote. Gari la dharura la Todoroki lichukue leo hii, liegeshe uani mchana kweupe. Jumapili kuna mwanga kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, unatosha kwa wauzaji watatu. Kwa kila gari, lala kwenye theluji mbele ya Mwalimu na ya muuzaji, uchungulie mpaka ushibe, na mtu akisema “Aa, mama, kwani huniamini?” mjibu, “Siamini,” kisha uendelee kutazama.

Jumatatu Tsuneo asipande gari ambalo uvungu wake hujauona kwa macho yako mwenyewe.