Rubani Anayelala Nyumbani

Mama Dena,

Samaki yumo chunguni, nimemfunika kwa sinia maana paka ameshamwona. Mdogo wetu Kache namwacha kwa jirani, Mama Easter, umpitie ukitoka sokoni.

Umetoka umenuna, nami naondoka nimenuna. Lakini nisikilize. Nilipokuwa nikirusha ndege za Nairobi na kulala huko, ulilalamika kwamba umeolewa na picha ya ukutani. Nikamwendea mkuu wa marubani, nikaomba safari fupi za Lamu ili nilale kwangu kila siku. Wenzangu walinicheka, nikavumilia. Leo asubuhi nakagua jikoni, nauliza tu kwa nini sufuria hazikupangwa kwa ukubwa, nawe unanijibu mbele ya watoto, "Baba Dena, kwani ndege zimekwisha?" Hata Dena, mwanangu mwenyewe, akacheka mpaka chai ikampalia. Iliniuma, mke wangu.

~~Basi leo naomba nirudishwe Nairobi. Tutaonana Jumapili.~~

Hayo nimeyafuta. Kache aliniuliza naandika nini. Nilipomwambia, akaichukua kofia yangu ya kazi, akaikalia, hataki kuinuka. Asema rubani bila kofia haruhusiwi kwenda Nairobi. Lamu ataruhusiwa, ni karibu.

Kwa hiyo naenda Lamu kichwa wazi. Kofia ukiikuta imebonyea, usimgombeze mtoto. Alasiri nitakuwa nyumbani, na jikoni sitatia mguu mpaka niitwe kula.

Baba Dena