Zege la Dastan Ngassa Bado Lina Kiu

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba Milembe, na daraja lako bado halijaisha. Tulitaka kuanza kwa maneno matamu kama familia nyingine zinavyofanya. Tumeshindwa. Ungekuwepo ungetuuliza swali moja tu, "Limefika wapi?", na sisi tungeanza kutazamana.

Uliondoka Oktoba 1995, mchana, saruji ikiwa bado kwenye viatu. Moyo wako ulisimama pale pale korongoni, umebakiza kipande kimoja tu, cha ng'ambo, upande anakoishi mama yako. Padre alituambia kazi ya Mungu haina makosa. Tumekubali. Ila kwa heshima zote, angesubiri kidogo umwage zege la mwisho.

Tunakumbuka ulivyorudi Bariadi shirika lilipouzwa na wewe, mhandisi mzima, ukaambiwa umepunguzwa kazini. Zama za ruksa hizo. Wenzako walifungua baa, wengine wakauza mitumba, wengine wakanunua pamba kwa mizani zao wenyewe. Wewe ulishuka kwenye basi na begi la nguo na pimamaji. Wiki hiyo hiyo ukailaza pimamaji juu ya meza ya chakula, ukatangaza kwamba ugali wa nyumba hii siku zote umelalia upande. Mkeo Mektilda akakujibu, "Basi nyoosha meza, baba, maana ugali ndio huo huo." Ukanyoosha.

Ulikuwa mtu wa sala, hatukusingizii. Rozari ilikuwa kila jioni, na mtoto aliyesinzia hukumgombeza. Ulimwomba aongoze fumbo linalofuata. Lakini kigangoni, padre akihubiri, macho yako yalikuwa kwenye kenchi za paa. Ulisema unatazama mbinguni. Mbinguni gani kunakohesabiwa misumari?

Halafu likaja hili daraja. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu, mtu anavuka na viatu vyake. Masika linafunga, na aliye ng'ambo anabaki ng'ambo. Ofisi ya wilaya ikatoa saruji na nondo, wanakijiji wakatoa mikono, wewe ukatoa akili na kelele. "Zege halilali!" ulikuwa unapiga kelele, hata siku ya Komunyo ya Kwanza ya mwanao Nyanda ulituacha na wali mezani.

Na kila kipande kilichomwagwa ulikifunika magunia, ukataka kimwagiwe maji asubuhi na jioni, wiki nzima. Maji ya kuchimba mchangani, Septemba, ng'ombe wanalia kiu! Hapo ulitafuta ugomvi na Usukuma nzima. Mzee Mahona, mwenye kisima cha karibu, alikuja na fimbo yake begani.

"Mwadila, injinia. Ng'ombe zangu zinalamba mchanga, wewe unanywesha mawe?"

"Mwadila, baba. Hili ni ndama. Lisiponyonya siku za mwanzo, halitasimama."

"Ndama gani anakunywa kuliko dume?"

Watu walicheka mpaka wakaweka ndoo chini, na wewe ulicheka kuliko wote. Kisha ukawaambia wazinyanyue. Vipande hivyo vipo mpaka leo, havina ufa hata wa kuingiza unywele.

Ulipoondoka tulikuzika nyumbani, upande huu. Mvua zikafunga korongo. Mama yako, Mayu Nyamizi, hakufika kaburini kwako mpaka masika yalipokwisha. Siku za Jumapili alisimama ng'ambo na kanga yake kichwani, akasali rozari kwa kupiga kelele, maji yakinguruma katikati. Sisi tukaitikia huku kwa kupiga kelele pia. Ndege waliruka, Mama Maria bila shaka alisikia. Lakini mzee wa umri ule asimfokee Mungu ili mwanae apate sala. Hilo linatuuma, na tumechoka kulimeza.

Kiangazi kipande chako cha mwisho kikatolewa kwa zabuni. Alikuja mkandarasi mwenye miwani myeusi, akamwaga zege asubuhi, mchana akaondoka. Binti yako Milembe alimkimbilia kwenye gari kumuuliza nani atamwagilia. Akamjibu, "Dada, zege ni saruji. Maji ni ya kuoga." Haukupita mwezi, kipande kikapasuka kama kisigino.

Tukaenda ofisini. Njooni kesho. Kesho tukaenda, bosi yuko semina. Mkeo akaacha kuuliza. Akabeba ungo na mchele, akakaa kwenye benchi la korido akichambua, Jumatatu kwa Jumatatu.

"Mama, hapa ni ofisini," karani akamwambia.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja na kazi."

Chuya zilipoanza kuingia chini ya mlango wa bosi, faili lilionekana. Kipande kimevunjwa, na Alhamisi hii kimemwagwa upya. Mawingu ya Novemba yameanza kukusanyika upande wa Lamadi, na zege halijakomaa. Likikosa maji wiki hii, Mayu atarudi kufoka ng'ambo masika mengine.

Kwa hiyo ndugu na marafiki, Misa ya kumwombea Dastan ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, kigangoni. Baada ya Misa chakula kitasubiri. Tunakwenda korongoni kwanza. Msilete mashada ya maua, maua nayo yanataka maji. Leteni ndoo. Asiye na ndoo alete sufuria, mama mkwe wake Nyanjige anakuja nalo kubwa kutoka Sola.

Mzee Mahona tulimfuata jana kumwomba kisima, tukiwa tumejiandaa kutukanwa. Akawageuza ng'ombe kwa fimbo.

"Choteni. Hizi zitasubiri. Ndama wa Dastan anyonye kwanza."

Unakumbukwa na mama yako Nyamizi, mkeo Mektilda, wanao Milembe, Sayi na Nyanda, mama mkwe wako Nyanjige, jumuiya yako ya Mtakatifu Yosefu, na meza iliyonyooka.

Daima tutakukumbuka, Baba Milembe. Masika haya tega sikio: ukisikia rozari inasaliwa karibu, kwa sauti ya chini, ujue Mayu amevuka.