Mama Mkwe Anafukuza Watu Kwenye Ukuta wa Taa

Mpendwa Bi Fernande, naomba unisaidie kabla sijamvunja moyo mama wa watu. Mimi na marehemu mume wangu Anselme tulitengeneza ule ukuta wa taa uliopo uwanjani hapa Montreal, ukisimama mbele yake kamera inakuona na taa zinafuata mwili wako, ukiinua mkono nazo zinapanda, na pasipo mtu ukuta unacheza wenyewe mwendo tuliourekodi wakati wa majaribio, na mwendo huo ni wa Anselme, maana yeye ndiye aliyekuwa akirukaruka mbele ya kamera na soksi zake za sufu, akafariki kabla theluji haijaanza nami sikuubadilisha. Sikumwambia mtu. Lakini mama yake, Huguette, alipita pale akamtambua kwa lile bega la kushoto linalotangulia, na tangu hapo kila jioni anasimama mbali kwenye baridi, kwa sababu mtu akikaribia tu kamera inamshika yeye na Anselme anatoweka, basi anawafukuza watoto, "Tokeni hapo nyie, mnamwondoa!" nao wanamjibu, "Kwani ukuta wako, bibi?" Juzi nilimpelekea supu ya njegere akaninong'oneza, "Taratibu mwanangu, anacheza." Wasimamizi wa uwanja wanalalamika, wanataka mwendo mwingine, nami nafikiria kuufuta kimyakimya halafu nimwambie mtambo umeharibika. Nifanyeje?

Maëlle

Maëlle mwanangu, pole sana. Ila huo uongo wa mtambo kuharibika ufute kwanza. Mama ameshamzika mwanawe, wewe unataka kumzika tena bila hata kumwita mama yake? Na usijifanye tatizo ni lake peke yake. Mwenye uwezo wa kubadilisha mwendo ni wewe, na mkono umekuwa mzito majira yote haya ya baridi. Nawe unamtazama Anselme kama yeye, tofauti ni kwamba wewe umekaa penye joto.

Sasa nisikilize. Mwendo usiufute. Mwekee Huguette kwenye skrini ndogo nyumbani kwake, amtazame akiwa amekaa kitini. Ukutani weka mwendo mwingine, hata wako. Lakini kabla ya hapo mweleze ukweli, kisha jioni moja mshike mkono, mtembee wote wawili hadi mbele ya ukuta. Ndiyo, Anselme atatoweka, na mtalia. Lieni. Halafu mwambie mama ainue mkono, aangalie juu. Anselme alizitengeneza taa zile zimjibu kila anayekaribia, na mama yake mzazi bado hajakaribia hata siku moja.