Notisi ya Banda la Pareto

Ilomba, Mbeya

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini,

Huku tu wazima. Mama yako amerudi jana kutoka Rujewa na mchele mpya, nyumba nzima inanukia.

Unasema umekuta notisi mlangoni pa ofisi yenu, umeliona neno la juu tu, ukaenda kufunga mizigo. Unauliza kama notisi ni tangazo au ni kufukuzwa. Ni vyote viwili, na mimi niliwahi kuvichanganya.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana kutoka Iringa, nachuma pareto huku Mbeya. Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito, maua meupe yanaelea kama hayana mashina. Mlangoni pa banda la kukaushia, mimi na wachumaji wenzangu tukakuta karatasi ya Kizungu. Nililitambua neno moja, NOTICE, maana karatasi iliyomwachisha baba yangu kazi ilianza nalo. Tukatua vikapu, tukashika njia ya kurudi nyumbani.

Ndani ya ukungu ule tukakutana na dereva wa lori.

"Dada zangu, mbona mnarudi?"

"Tumepewa notisi."

Akaenda kuisoma, akarudi anatabasamu. "Inasema mfunge mlango, maua yasipate unyevu."

Nikamwomba anifundishe maneno ya chini. Alinifundisha miaka arobaini. Ndiye babu yako.

Basi rudi ukaisome mpaka chini. Na kama kweli ni ya kukufukuza, njoo. Mlango wa huku siufungi.

Bibi yako