Upana wa Yordani

Yaya Feza, dada yangu,

Nilikudanganya. Ninaanza na neno hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, unanijua, na karatasi itajaa kabla sijasema. Ni miezi minne sasa tangu tukuzike, na kila siku ya mazoezi nasimama mbele ya kwaya uongo huu ukiwa kooni. Nimeshindwa kuumeza, nimeshindwa kuutema.

Hapa kambini Nakivale watu wako wazima. Mvua imechelewa, mahindi yamekauka kabla ya kutoa mbelewele. Kwaya imepata kinanda cha umeme wa jua na vijana wanakigombania kila Jumamosi. Wananiuliza: "Kiongozi, wimbo wa Nchi Takatifu uko wapi? Kule ulienda kufanya nini?" Nawaambia unakuja. Hauji, Yaya. Hautakuja, kwa sababu aliyekuwa anatunga ni wewe, na hakuna anayejua isipokuwa mimi na Shemeji Abasi.

Unakumbuka ilivyoanza. Wazee wa kanisa walikutoa kwenye kwaya ulipoolewa na Abasi, Mwislamu, muuza vitambaa wa Mbarara. Walisema usiimbe tena mbele ya madhabahu. Wiki ile ile simu yangu ikalia nikiwa shambani, nikadhani ni msiba, kumbe ni wewe unaimba! Ubeti mzima, mara tatu, mpaka nikaushika. "Banakataza mudomo yangu," ukasema, "yako habakukataza." Ukacheka mpaka ukakohoa. Basi miaka yote ile nyimbo zilipita kwenye simu, nami nikazipeleka kwa kwaya, na watu wakaniita mtungaji. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikazoea. Mungu anisamehe, mwishowe nikapenda.

Kwa hiyo makanisa ya Mbarara yalipoungana kuwapeleka watungaji wa nyimbo kwenye nchi za Biblia, wazione kwa macho yao na kurudi na nyimbo mpya, jina lililoandikwa lilikuwa langu. Nilikuja kwako dukani na ile hati ya kusafiria ya wakimbizi mkononi, nikiwa nimeamua kukuambia nitakataa. Ulikuwa umeanza kukonda. Hukuniacha hata nimalize. "Enda tu. Kutunga Mungu alikunyima, lakini macho alikupa. Utaniangalilia Yordani."

Hukutaka nikuletee maji ya chupa wala mafuta ya upako, kama wengine walivyoagiza. Ulitaka upana wa ule mto, basi.

Na mimi nilipaswa kujua kwa nini ulitaka, hilo ndilo linaloniua. Mwaka wa tisini na sita tulipokimbia kwetu Fizi, ulivuka Tanganyika umejifunika uso. Mama alikuwa kwenye mtumbwi wa nyuma yetu, na ule mtumbwi haukufika. Tangu hapo hata beseni la kufulia likijaa sana ulipunguza maji. Ulipotunga wimbo wa Yordani, ule mto ambao kwa imani yetu mtu huuvuka akifa, wimbo huu ambao Nakivale nzima inauimba, uliweka ziwa letu ndani yake: *Maji yamekula ng'ambo, jicho halifiki.* Watu wetu wanalia wakifika hapo, maana wengi walivuka maji yale yale.

Nilienda. Siku nane. Wenzangu walitunga hata ndani ya basi. Mama mmoja wa Bwizibwera, mkusanya maziwa, alijaza daftari zima. Mimi nilijikalia nikingoja wimbo uniingie, ili angalau mara moja niwe kweli yule mtu wanayemsifu. Haukuniingia hata mstari. Niliporudi, kanisa lilijaa, wakanipa nafasi ya kushuhudia. Mzee Elia, yule yule aliyesimamia kutolewa kwako, akauliza mbele ya watu wote: "Yordani iko vile tunaimba?" Nikaziona zile nyuso. Nikasema ndiyo, iko vile vile, ng'ambo haionekani. Wakapiga vigelegele. Nilijiambia kwamba nikisema kweli wimbo utakufa. Uongo mwingine huo. Nililoogopa kufa kwake ni jina langu.

Kesho yake nikaja hospitali Mbarara, na Mzee Elia akanifuata, eti anataka kukuombea. Ulikuwa mifupa mitupu kwenye shuka. Hukuuliza habari za ndege wala za Yerusalemu. "Yordani ni pana sana?" Sauti ilikuwa ndogo, ilibidi niiname. Mzee Elia alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, Biblia kwapani, ananitazama.

Nikasema, "Ni pana, Yaya. Ni kama ziwa letu."

Ukageuza uso ukutani. "Basi miye sitaweza," ukasema. "Sijue kuogelea."

Mungu wangu! Nilidhani unasema habari za wimbo. Naapa, Yaya, nilidhani hivyo. Nikatoka nje nikanywa chai na Mzee Elia, tukazungumza habari za kinanda. Kumbe mwenzangu ulikuwa unaniuliza njia.

Siku mbili baadaye ukaenda. Shemeji Abasi alininong'oneza baada ya maziko, wala si kwa kunilaumu, aliuliza tu kama mtu asiyejua mambo ya dini yetu: "Dada yako alikuwa anashika chuma ya kitanda na mikono mbili, anasema maji ni mingi. Maji gani?" Nikamjibu ni homa. Mtu aliyekuleta mpaka Nakivale tukuzike kwa nyimbo zako, akasimama na kofia yake nyuma ya watu wetu tangu asubuhi, nilimjibu homa.

Na nyimbo zako tuliziimba. Wakachagua Yordani, na aliyenyoosha mikono kuwaongoza ni mimi. Tulikuimbia pale pale, udongo haujakauka, kwamba jicho halifiki.

Silali vizuri. Chakula hakina ladha. Mchungaji anasema umepumzika, Abasi anasema tumwachie Mungu, na mimi siwezi kuwaamini wote wawili, kwa sababu nakuona umekaa kwenye ukingo, peke yako, unaogopa, na aliyekutia hofu ni mdogo wako mwenyewe. Sijui kama barua inafika huko. Sijui kama nimechelewa. Lakini kama bado hujavuka, kama bado unangoja, nisikilize, tafadhali.

Jumapili hii nitasimama. Nitasema nyimbo zote ni za nani, Mzee Elia akiwa pale mbele, na wakitaka kunitoa kwaya wanitoe. Abasi nitamwambia kabla yao ni maji gani uliyoyaogopa, kwa sababu yeye anastahili kusikia wa kwanza. Hiyo ni ahadi, na safari hii, ninapoandika, hakuna mtu wa kunitazama.

Kwaheri, Yaya wangu. Hii ndiyo ile kazi uliyonituma, pokea. Yordani ni kamto. Ni kama Rwizi pale Mbarara, ile unayoipita darajani kila siku, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Yule mama wa Bwizibwera aliangua kicheko: "Hii ndiyo Jordan? Hata ng'ombe yangu inapita!" Askari wa ng'ambo alikohoa, sote tukamsikia. Niliingia na nguo zangu, nikatembea mpaka kwenye kamba waliyofunga katikati, nikasimama. Maji yalinifika kiunoni. Chini kulikuwa na matope laini, miguu inashika.

Huhitaji kuogelea, Yaya. Unatembea tu.

Mdogo wako,
Bahati